Runinga ya Odoyo Ikizima

Nianze na mdomo wake, kwa sababu ndio unaofika kabla yake. Odoyo hawezi kupita mbele ya baraza letu hapa Nyakoe bila kueleza jambo. Ukimuuliza saa ngapi, atakueleza jinsi saa inavyofanya kazi. Ukimpelekea redio iliyonyamaza, atakupa kwanza habari za mawimbi, halafu za transista, halafu akuulize kama ulikuwa unajua. Mimi ni fundi cherehani, mlango wa pili kutoka kwake, na kwa miaka mingi nimekunja pindo za sare za shule huku nikifundishwa mambo ambayo sikuyaomba. Nampenda hivyo hivyo. Lakini nikisema ananichosha, niamini.

Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana mwenye kisanduku cha bisibisi, akapanga kibanda kilichoegemea duka la Kaltuma. Huyu Kaltuma, ambaye sote tunamwita Mama Zaki, anauza ndoo, sufuria na leso. Stima ya Odoyo hutoka dukani kwake kwa waya mmoja mrefu uliopitishwa kwenye tundu la ukuta. Kibandani humo Odoyo hutengeneza redio, simu na kompyuta, na amekaa nasi mpaka Ekegusii chake, lugha yetu ya hapa, kinatosha kugombana. Hata hivyo watu wakimtaja husema, "Yule wa ziwa." Linamuuma neno hilo. Hajawahi kuniambia, lakini mtu anayeongea namna ile, akinyamaza unajua. Alichotamani ni siku moja soko la Nyakoe limwambie asante, kwa sauti, mbele za watu.

Basi mradi fulani wa mashamba kule Nyamira ulipofungwa, vitu vyake viliuzwa rahisi, na Odoyo akarudi kwa boda amekumbatia mlingoti wenye vikombe vya kuzungushwa na upepo, mshale wa kuonyesha unakotoka, na ndoo ndogo ya kupimia mvua. Akateremka, akasimama katikati ya baraza.

"Hii ni kituo cha hali ya hewa," akatangaza. "Kuanzia leo, hakuna mama wa Nyakoe atanyeshewa wimbi yake tena."

Hapo alikuwa amegusa penyewe. Nyuma ya soko letu kuna uwanja ambapo akina mama huanika wimbi, ule ulezi wa uji, na mahindi juu ya maturubai, na jua la asubuhi la huku si la kuaminiwa. Linawaka, unaanika, unaanza kupiga domo, na mchana mvua inakushukia. Tena kando ya uwanja kuna poshomili ya kusaga unga inayonguruma kutwa, kwa hivyo hata mvua ikitoa taarifa huwezi kuisikia. Wimbi likilowa mara moja linavunda, na la kuvunda halikaribishi mgeni.

Kamati ya soko ilikubali asimike mlingoti juu ya paa la stoo. Ilikubali nusu nusu. Mwenyekiti Angwenyi alikuwa anapatamani mahali hapohapo pa kuweka kipaza sauti cha matangazo, maana anapenda sauti yake kuliko anavyompenda mtu yeyote.

"Fundi, weka," Angwenyi alimwambia. "Tukimaliza kuvuna tutakaa kikao. Kama imesaidia watu, ikae. Kama haijasaidia, utapanda uitoe mwenyewe. Ngazi nitakupatia mimi."

Odoyo akaweka. Chini ya kaunta akaficha kompyuta kuukuu iliyokufa betri, akaitilia mfumo wa Linux kwa sababu, alivyosema, haikuwa na nguvu ya kubeba kitu kingine. Juu ya mlango wa kibanda akaangika runinga iliyoachwa na mteja, ikitazama uwanjani, ikionyesha kwa tarakimu kubwa joto, unyevu, upepo na mvua. Na ajabu ni kwamba akina mama waliitazama. Walitandaza wimbi, wakainua macho kwenye runinga. Walichambua mawe, wakainua macho. Odoyo alivimba.

"Umeona, Mama Mose? Wanasoma."

"Naona wanaangalia," nikamjibu.

Kuangalia na kusoma ni mambo mawili. Lakini hakuniuliza, na mimi nilikuwa na sare za darasa zima za kumaliza.

Shida ya kituo ilikuwa Kaltuma, na shida ya Kaltuma ilikuwa radi. Katika milima yetu hii radi si hadithi ya kutishia watoto. Ngurumo ya kwanza ikisikika, kila nyumba huchomoa runinga, redio na chaja, wengine hufunika vioo kwa shuka. Kaltuma alizidi wote. Alipokuwa bado bi harusi kule Kisii mjini, radi ilifuata waya ikaingia sebuleni, ikapasua redio ya mumewe na kuunguza pazia, yeye akiwa ameketi hapo na kikombe cha chai mkononi. Tangu hapo sikio lake likawa la namna ya peke yake. Ngurumo ikiwa bado huko juu ya kilima cha Manga, sisi wote hatujasikia kitu, yeye ameshainuka kwenye kiti na kuchomoa kila kilichochomekwa dukani. Na waya wa Odoyo ulikuwa miongoni mwa vilivyochomekwa.

Kwa hiyo kila mvua ilipokaribia, kompyuta ilizimika, na runinga nayo. Huko juu ya paa ile ndoo ilijaa na kumwaga bila wa kuhesabu. Mvua ikipita, Kaltuma alirudisha waya, kompyuta ikaamka, lakini programu ya hali ya hewa haikuamka nayo. Ilimngoja Odoyo aje mwenyewe, afungue kidirisha cheusi, aandike amri. Na Odoyo mchana huwa Kisii mjini akitafuta vipuri na watu wa kuwaeleza mambo. Basi runinga ilikaa giza mpaka arudi, na kumbukumbu za kituo zikasema Nyakoe hakujanyesha.

Angwenyi alizipata habari hizo kwa furaha kubwa. Kituo kilikuwa kinatuma tarakimu zake kwenye ramani ya mtandao, na mwanawe alikuwa amemwonyesha kwa simu. Alikuja akiwa amevaa gambuti zenye matope mpaka magotini.

"Fundi, nimeona tunaishi jangwani," akasema. "Nimekuja kuuliza ngamia wanauzwa wapi."

Baraza zima lilicheka, nami nikiwemo. Odoyo hakucheka. Alipoondoka mwenyekiti, alikwenda kwa Kaltuma.

"Mama Zaki, nakuomba. Hiyo moja tu usichomoe. Kikao kiko karibu. Wataitoa mashine yangu."

"Odoyo, wallahi, nakuheshimu. Lakini kichwa nimepewa kimoja, na huo waya unapita karibu na kichwa."

"Mlingoti uko juu ya stoo, hauko kwako!"

"Radi haina adabu. Haiulizi huu ni wa nani."

Alirudi ameinamisha shingo, akakaa siku nzima bila kumweleza mtu chochote. Nilimwonea huruma, nakiri, na kimya chake kilinitia wasiwasi kuliko maneno yake. Kesho yake alikuja na betri ya gari, invata ya kugeuza umeme wake, na macho ya mtu aliyepata jibu.

"Mama Mose, kosa lilikuwa langu," akaanza, nami nikajua sindano italala. "Hii programu naiwasha kwa mkono. Inaishi ndani ya dirisha. Dirisha likifungwa, imekufa. Kompyuta ikizimwa, imekufa. Sasa nataka iwe huduma. Iishi chinichini, haionekani, haingoji mtu. Kompyuta ikiamka tu, yenyewe inaianzisha. Ikianguka, inaiinua. Mimi naweza kuwa Kisii, naweza kuwa Homa Bay, naweza hata kufa."

"Usife. Hujanilipa suruali."

Aliandika faili dogo, mistari michache tu. Mstari mmoja ulisema programu iko wapi. Mwingine ulisema ingoje mpaka mtandao uwe tayari. Mwingine ulisema ikianguka, ipumzike kidogo, halafu iinuliwe tena. Na kwa kuwa ni mtu wa kupenda utaratibu, akaipa huduma hiyo jina lake la kuingilia, tofauti na lake yeye. Akaandika amri ya kuianzisha, akabonyeza, akakunja mikono.

Runinga ikawaka. Ikazima. Ikawaka. Ikazima.

Odoyo aliinamia kompyuta. "Inakataa! Inasema haina ruhusa ya kusoma waya wa mlingoti. Kompyuta yangu, nimenunua, nimepangusa vumbi, inaniambia ruhusa!"

Mimi sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa natazama uwanjani. Runinga ilipozima, akina mama wote walisimama na kuanza kukunja maturubai. Ilipowaka, walikaa wakatandaza. Ilipozima wakasimama tena, na mbele yao akiwa Nyaboke, bibi mnene mwenye hasira za karibu, akitusi kwa Ekegusii kitu ambacho sitakiandika. Walipanda wakashuka hivyo kama watu walio kanisani, mpaka nikalazimika kuziba mdomo kwa kitambaa cha sare.

"Wanafanya nini?" Odoyo aliuliza akiinua kichwa.

"Mazoezi," nikamwambia.

Kosa, alinieleza baadaye kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili, lilikuwa kwamba alipoanzisha kwa mkono, ruhusa ilikuwa yake. Hii huduma ilikuwa na jina jipya, na jina hilo bado halikuwa na ruhusa ya kuugusa ule waya. Yaani aliajiri mlinzi akasahau kumpa ufunguo wa geti. Akampa. Akaandika amri tena, systemctl hivi, systemctl vile, na pale kwenye kompyuta pakatokea neno la kijani kusema huduma iko hai. Akaichomoa kompyuta kwa makusudi, akaichomeka. Ikaamka, na programu ikaamka nayo bila kuitwa. Odoyo alipiga kofi moja kubwa. Kisha akaunganisha kompyuta na runinga kwenye betri, ili Kaltuma achomoe mpaka achoke.

"Sasa haizimi tena," akasema. "Hata waje malaika."

Nilifungua mdomo. Ninaapa niliufungua. Lakini alikuwa ameshaanza kueleza invata.

Siku mbili kabla ya kikao, jua liliwaka vizuri mno. Nyaboke alikuwa ameanika wimbi lake lote, la kuwapikia wakwe waliokuwa wanakuja Jumamosi kujadili mambo ya bintiye. Poshomili ilinguruma. Kitambo baada ya chakula cha mchana nikamwona Kaltuma akiinuka kitini na kuchomoa. Nikatazama runinga. Inang'aa. Nikatazama uwanjani. Akina mama nao waliitazama, wakaiona inang'aa, wakarudi kwenye mazungumzo yao.

Nilisimama kuwaita, lakini mvua za kwetu hazingoji mtu mnene atoke nyuma ya cherehani. Ilishuka yote kwa pamoja. Uwanja ulipiga ukelele mmoja. Watu walikimbilia pembe za maturubai, maji yakajaa katikati, na wimbi la Nyaboke likaelea likielekea kwenye mfereji, naye akilifuata kwa mikono miwili.

Ndani ya kibanda Odoyo alikuwa anarukaruka. "Inahesabu! Mama Mose, inahesabu! Milimita nane! Kumi na mbili! Njoo uone!"

Aliyekuja kuona ni Nyaboke. Alisimama mlangoni, leso imemganda mwilini, wimbi kwenye nywele.

"Wewe mtu wa ziwa," akasema, "kwa nini haukuzima?"

Odoyo hakuelewa swali. Aliligeuza huku na huku kwenye uso wake, nikaona halikuingia popote. "Nizime nini, mama? Si iko sawa? Ona, unyevu tisini na sita. Ilikuwa inakwambia tangu asubuhi!"

"Yaya, hapana! Mimi na unyevu tumejuana wapi?"

Kikao kikakaliwa chini ya paa la stoo, na mlingoti juu yetu. Angwenyi alikuwa amekuja na ngazi kabisa, akaiegemeza ukutani pale ambapo Odoyo angeiona. Odoyo alisimama. Sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

"Mlisema haihesabu mvua. Nimeitengeneza. Juzi imehesabu milimita thelathini na moja, hakuna tone limepotea. Sasa mnataka nini zaidi?"

"Yote thelathini na moja iliingia kwa wimbi ya Nyaboke," Angwenyi akasema. "Hilo tone hata mimi nimehesabu."

Nyaboke akainuka. "Mwenyekiti, hiyo mashine ilikuwa mzuri sana. Ilikuwa mzuri mpaka huyu akaitengeneza. Sisi hatusomi hizo namba. Sisi tunaangalia kama inawaka. Ikizima, tunajua Mama Zaki amesikia radi, tunaanua. Mara moja haijawahi kutudanganya. Ile siku ya stima kupotea tulianua bure, sawa, kuanua bure haijaua mtu. Sasa ameiwekea betri. Nani alimtuma betri?"

Watu walicheka. Kwanza wachache, kisha wote, mpaka bati likaitikia. Kaltuma ndiye aliyecheka zaidi, akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, maana hata yeye hakuwa anajua kwamba uwanja mzima ulikuwa unaongozwa na kiti chake. Mimi nilimtazama Odoyo. Alikuwa ametazama sakafu. Miezi yote ile alidhani wanamsoma, kumbe walikuwa wanamngojea azime. Nikaacha kucheka, nikaona aibu.

Hakungoja kura. Alikwenda kwenye ngazi, akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza.

"We Odoyo," Kaltuma akaita. "Shuka. Unaenda wapi?"

"Kuitoa. Si mmesema?"

"Nani amesema? Nyaboke amesema ni mzuri. Shuka ufikirie, wewe si ndiye fundi?"

Alibaki pale, mguu mmoja chini na mmoja juu. Nikaona kichwa chake kikianza kufanya kazi. Nalijua jicho lile. Mwisho akashuka, akapita katikati yetu, akaenda kibandani. Angwenyi akataka kufunga kikao, tukamwambia akae.

Alichofanya kilikuwa kidogo tu. Kompyuta aliiacha kwenye betri, na huduma yake ikiendelea chinichini, isiyozima, ikihesabu kila tone. Runinga aliitoa kwenye betri, akairudisha kwenye waya wa Kaltuma. Akamwomba achomoe. Runinga ikazima, uwanjani watu wakageuza shingo. Akamwomba achomeke. Runinga ikawaka palepale na tarakimu zake zote, bila kumngoja mtu arudi kutoka Kisii.

"Giza, anueni," akasema Odoyo. "Ikiwaka, anikeni."

Nyaboke alitikisa kichwa kukubali, na kwa Nyaboke hiyo ni sherehe. Kura ilipigwa, ngazi ikarudi kwa mwenyewe, na kipaza sauti cha Angwenyi kikapelekwa upande wa choo, ambapo wengi wetu tuliona kinafaa. Odoyo alitoa wimbi kutoka kwa mkewe Benter, debe zima, likaenda kwa Nyaboke kabla ya wakwe kufika. Tangu siku hiyo runinga ikizima, akina mama husimama kwa pamoja, na mmoja wao hupaza sauti kuelekea dukani: "Asante, Mama Zaki!" Kaltuma hujibu, "Karibuni!" Na Odoyo, mwenye mlingoti, mwenye kompyuta, mwenye ile huduma, huinamia redio ya mtu.

Mwezi uliopita Kaltuma alisafiri Nairobi, bintiye Firdaus amejifungua. Kabla ya kuondoka alimkabidhi Odoyo ufunguo wa duka na kumwonyesha soketi, kana kwamba hajawahi kuiona.

"Ukisikia kitu, hata kidogo, chomoa. Usianze kwanza kuangalia namba zako."

Nilidhani ataleta kengele ya kielektroniki. Nilidhani ataandika faili lingine. La. Alasiri nilichungulia dukani nikamkuta kwenye kiti cha Kaltuma, katikati ya ndoo na sufuria, mkono juu ya soketi, shingo ameipinda kuelekea Manga. Nilimsalimu. Akaninyooshea kidole ninyamaze. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kumwona Odoyo akisikiliza.

Poshomili ilikuwa inanguruma. Mimi sikusikia kitu. Yeye akashtuka, akachomoa.

Runinga ikazima. Uwanja mzima ukainuka kwa mara moja, maturubai yakakunjwa, magunia yakabebwa mbiombio hadi stoo. Nyaboke, ambaye aliagana na Kaltuma kwa mkono wake mwenyewe siku tatu kabla, alipita mbele ya duka na gunia kichwani, na mdomo ukatangulia akili.

"Asante, Mama Zaki!"

Odoyo alinitazama. Nilingoja amsahihishe. Nilingoja aeleze Kaltuma yuko wapi, na ngurumo husafiri vipi, na nani hasa amechomoa. Akavuta pumzi, akajiweka sawa kwenye kiti, waya bado mkononi.

"Karibuni," akajibu.

Matone ya kwanza yakagonga bati.